Siku ya Kuhesabu Abiria Studen Dol

Rusana Kehayova alikuwa amechoka. Tuanze na hilo, maana asiyelijua hilo hawezi kumjua Rusana. Hakuchoka kwa viazi, ingawa vyake alivipanda na kuvichimba mwenyewe. Hakuchoka kwa uzee pia, maana kule milimani ukiwa na miaka sitini na mitatu bado vikongwe wanakutuma dukani. Alichoka kwa barua. Miaka kumi na tano aliyokuwa mwenyekiti wa kijiji cha Studen Dol aliwaandikia wakubwa barua nyingi mno. Karani wa mapokezi kule wizarani katika mji mkuu, Sofia, alikwisha kuujua mwandiko wake, na kila akiuona juu ya bahasha huguna, "Yule mama wa basi tena."

Uenyekiti wenyewe hakuutafuta. Alikuwa karani wa posta. Posta ilipofungwa, watu wakasema, "Rusana anajua kuandika, na mhuri amezoea kuushika, awe yeye." Aliyekuwapo akanyoosha mkono, asiyekuwapo akanyooshewa, na mambo yakaisha. Hakuna mwingine aliyetaka. Nani atake kuwa mwenyekiti wa mahali ambapo shule imefungwa, daktari amehama, na ofisi yenyewe ina jiko la kuni linalotoa moshi kuliko moto?

Mwanzoni aliomba mengi: bomba la maji, daktari walau mara moja kwa mwezi, mnara wa simu. Bomba alilipata baada ya miaka saba. Daktari na mnara hakupata, akaviacha. Mwishowe akabaki na ombi moja tu, na hilo hakuliachia: basi.

Lilikuwa basi dogo la viti kumi na tisa, likiendeshwa na Sabri, mtu wa bonde la pili, mnene, mcheshi, asiyejua kuchelewa. Lilipanda mlimani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kilomita thelathini na nne za kona tupu. Linafika saa moja asubuhi, linageuza, linashuka mjini, na saa tisa alasiri linarudisha watu. Nauli haikutosha hata mafuta, kwa hiyo serikali ilitia ruzuku. Na kanuni ya ruzuku ilisema: kijiji kiwe na watu hamsini kwenye daftari la wakazi. Studen Dol ilikuwa na arobaini na wanne. Kila mwaka halmashauri ya wilaya ilimbembeleza mkubwa fulani, mkubwa akatoa mwaka mmoja zaidi, wa huruma, na kila mwaka akasema huo ndio wa mwisho.

Sasa sikiliza kwa nini Rusana hakulala. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, Velichko, mdogo wake, miaka hamsini na minane, kapera, mfuga nyuki, mtu wa maneno machache na yote ya kuchokoza. Wawili hao waliishi katika nyumba ya wazazi wao tangu mume wa Rusana alipofariki. Figo za Velichko zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki ilibidi alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu katika hospitali ya mjini, kwa saa nne kila mara, la sivyo afe. Siku zake za mashine zilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Rusana ndiye aliyeibembeleza hospitali hadi siku zikafuatana na basi. Gari la wagonjwa lilikuwapo, lakini lilikuwa la wasioweza kusimama.

"Huyu anatembea," walimwambia.

"Anatembea leo," alijibu Rusana. "Mnangoja asitembee ndiyo mje?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

Magari ya kijijini yalikuwa mawili, yote ya wazee ambao macho yao hata kona ya kwanza hayaioni. Kwa hiyo basi likikatwa, Velichko ama ahamie mjini, ama afe. Na kuhamia mjini alikuwa amekwisha kukataa. "Mimi nikitoka hapa," alisema, "nitoke nimelala, na nyie mmebeba."

Basi Rusana aliandika. Na kila Machi wenyeviti wa vijiji kumi na kimoja vya milimani walikutana, wakavaa suti zao zenye harufu ya kabati, wakasafiri pamoja kwenda Sofia kuwaona wakubwa. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo kila mmoja alibeba kitu, na Rusana alibeba asali ya Velichko. Makarani waliipokea asali kwa mikono miwili, halafu wakawapiga danadana. Nendeni ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu wakasema, hili si letu, nendeni ya kwanza. Ya kwanza wakaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Wazee wakakaa kwenye benchi la korido, kofia magotini, wakingoja kama watu waliokuja kuposa wakakuta mlango umefungwa. Jioni wakarudi na treni.

"Vipi?" Velichko alimwuliza kila mwaka.

"Wamesema watalitazama."

"Asali wamesemaje?"

"Tamu."

"Basi angalau kuna jambo moja limepita."

Ombi la Rusana lilikuwa la akili, hata wenzake walilikubali. Nusu ya watu wa Studen Dol walikuwa wastaafu waliorudi kwao baada ya kufanya kazi Plovdiv au Sofia maisha yao yote. Waliishi kijijini, walikufa kijijini, ila majina yao yalibaki kwenye daftari la mjini kwa sababu ya vyumba walivyowaachia watoto. Serikali ilikuwa inahesabu karatasi. Rusana akaandika, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake: *Acheni kuhesabu majina ya daftarini. Hesabuni watu waliomo ndani ya basi.* Aliandika hivyo mwaka wa kwanza. Akaandika wa pili. Wa tano aliandika akiwa hana imani tena, kama mtu anavyoendelea kusalimia jirani asiyeitikia.

Mwaka wa sita wakaitikia. Lo! Barua ikaja yenye nembo, kurasa tatu. Pendekezo la wenyeviti wa vijiji vya milimani limekubaliwa. Kanuni imebadilishwa. Tangu sasa kila njia ya basi itakuwa na siku moja ya kuhesabu kwa mwaka. Mkaguzi atapanda basi na kuhesabu abiria walioketi. Wakiwa kumi au zaidi, ruzuku inaendelea. Siku ataichagua mwenyekiti wa kijiji.

Rusana aliisoma barua amesimama, akakaa, akaisoma tena. Halafu akalia, peke yake ofisini, moshi wa jiko ukimsaidia. Hakuwa amezoea kushinda.

Siku aliichagua bila kufikiri mara mbili: Alhamisi. Alhamisi ni siku ya soko mjini. Kila Alhamisi Studen Dol hushuka yote, na vikapu, na mitungi ya maziwa, na kuku waliofungwa miguu. Kumi na watano hawapungui, na wiki nyingine mtu anasimama. Hata theluji ikianguka.

Ila barua ilikuwa na ukurasa wa tatu. Huko waliandika kwamba ni marufuku kuwakusanya watu kwa ajili ya kuhesabiwa. Kijiji kimoja cha kaskazini, kilipofanyiwa majaribio, kilijaza basi wanafunzi pamoja na bendi ya tarumbeta. Njia yao ikafutwa siku hiyohiyo kwa udanganyifu.

Rusana aliuogopa ukurasa huo kuliko moto. Jumatatu ya wiki ya kuhesabu, mwezi Oktoba, aliwasha kipaza sauti cha kijiji, kile kinacholia kwenye nguzo nne na kutangaza habari za mazishi, chanjo ya mbuzi na kukatika kwa maji.

"Wanakijiji," akasema, "Alhamisi hii tutakuwa na wageni wawili wa serikali kutoka Sofia. Watapanda basi letu, kwenda na kurudi. Wanataka kuona hali yetu. Naomba tuwapokee kwa heshima. Asanteni."

Ulimi ukamwasha. Alitaka kuongeza, na ninyi mpande kama kawaida. Akazima mashine.

Nyumbani Velichko alikuwa amesikia. "Ungewaambia tu wapande."

"Nikiwaambia ni udanganyifu."

"Wanapanda kila Alhamisi, dada. Utakuwa umewaambia wafanye wanachofanya."

"Basi si hakuna haja ya kuwaambia?"

Velichko alimtazama, akacheka kidogo. "Wewe ungekuwa mwizi, tungekufa njaa," akasema, akaenda kulala.

Alhamisi ikafika. Kulikuwa na baridi kavu, mbingu safi. Kabla ya saa moja dada na kaka walikuwa uwanjani pa kijiji, mbele ya ofisi, Velichko na begi lake dogo la hospitali. Uwanja ulikuwa mtupu. Rusana akaona ni mapema bado. Basi la Sabri likapanda, likageuza, mlango ukafunguka, wakashuka wageni wawili kunyoosha miguu: mkaguzi Gancheva, mwanamke wa miaka arobaini hivi, koti zuri, viatu visivyofaa, na mwenzake mwanamume aliyebeba kibao cha kuandikia na ambaye siku nzima hatukusikia akisema neno la maana.

"Ndiwe mama Kehayova?" Gancheva akampa mkono. "Barua zako tunazijua. Kwa kweli kanuni hii ni ya kwako."

Rusana akaona haya, akafurahi. Halafu akatazama nyuma yake. Uwanja bado ulikuwa mtupu.

Saa moja na dakika tano. Na kumi. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kila bomba la nyumba, kwa hiyo watu walikuwapo, hawajafa. Pazia la nyumba ya Mama Fidana, mwenye duka, lilisogea, na mkono ukapunga. Rusana naye akapunga, akimwita kwa kiganja, njoo, njoo! Mkono ule ukapunga tena kwa furaha, pazia likafungwa.

"Sabri," akanong'ona dirishani kwa dereva, "piga honi."

"Nimeshapiga mbili."

"Piga ya tatu!"

Sabri akapiga ndefu hadi mbwa wote wa bonde wakajibu. Mlango haukufunguka hata mmoja. "Wallahi sijawahi kuona," Sabri akasema. "Miaka tisa Alhamisi nawafukuza watu na kuku wao. Leo wamekula nini hawa?"

"Ngoja dakika tatu."

"Nangoja, lakini huyu wa kibao anaandika saa."

Dakika tatu zikaisha. Nyingine tatu zikaisha. Gancheva akasema kwa upole kwamba ratiba nayo ni sehemu ya ukaguzi. Wakapanda. Basi likashuka na viti vitupu vikigongana kwenye kona, na mwanamume yule akaandika kitu kwenye kibao, kitu kifupi sana. Velichko alikaa dirishani, akimtazama dada yake anavyoviringisha ncha ya kitambaa chake kidoleni.

"Labda kuna aliyekufa," Rusana akanong'ona.

"Angekufa mtu wangekuambia, wewe ndiye mwenye kipaza sauti."

Mjini Velichko akaenda kwenye mashine yake. Wakaguzi wakaenda kunywa kahawa. Rusana akasimama ukutani pa kituo cha mabasi, akapiga simu dukani kwa Mama Fidana. Duka hilo ndilo lililokuwa na simu ya waya isiyosumbua. Fidana alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane, mdomo haufungi, na lisilopita dukani kwake halikutokea.

"Mama Fidana! Mko wapi nyie?"

"Tupo, mwanangu! Tupo tele. Unga tumeukanda, viazi vinakwanguliwa, jirani yangu Stoimenka anakunja banitsa, wanaume wanapanga meza uwanjani. Usiwe na wasiwasi."

"Mbona hamkupanda basi? Leo ni soko!"

"Aka! Tupande vipi?" Fidana akashangaa kwa dhati. "Wageni wa serikali wanakuja kupanda basi letu, viti kumi na tisa, halafu sisi tujazane humo na kuku wetu na harufu ya mazizi, mtu wa Sofia asimame koti lake likanyagwe? Hata aibu hatuna? Tulikaa hapa dukani Jumatatu baada ya tangazo lako, tukakubaliana wote. Tukasema, Alhamisi hii hakuna anayepanda. Tunawaachia wageni nafasi. Si umesema wewe mwenyewe tuwapokee kwa heshima? Mgeni njoo mwenyeji apone, bwana."

Rusana akaegemea ukuta.

"Halo? Mwanangu? Walikaa vizuri lakini?"

"Walikaa vizuri," akasema Rusana.

"Ehee! Nilisema mimi."

Akakata simu. Akakaa juu ya kikapu cha mtu asiyemjua, na mwenye kikapu alipoona uso wake akamwacha. Rusana alikasirika, tena sana. Aliwakasirikia wao, akajikasirikia, akaikasirikia ile bendi ya tarumbeta ya kaskazini. Miaka sita! Miaka sita ya korido na asali, halafu watu wake wenyewe wanabaki nyumbani kwa adabu. Asiyekuwapo na lake halipo. Ungemlaani nani hapo?

Akainuka, akamfuata Gancheva mkahawani, akamweleza yote. Hakuficha. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, na kijiko kikasimama kikombeni.

"Nakuamini, mama," akasema.

"Basi njoo Alhamisi ijayo. Au Jumamosi. Njoo siku yoyote bila kutuambia."

"Siku ni moja kwa mwaka, na imeshafunguliwa. Saa ya kuondoka imeandikwa, idadi imeandikwa. Nikibadilisha mimi, kesho kila kijiji kitasema watu wake walikuwa wanapika."

"Mwanangu, ndugu yangu yuko kwenye mashine sasa hivi. Yule niliyekaa naye dirishani. Hilo basi ndilo damu yake. Huwezi kuandika kwamba kulikuwa na sababu?"

Gancheva akatazama chini. "Hakuna mahali pa kuandika sababu. Fomu ina mahali pa idadi tu. Wewe ndiye uliyetuandikia, mama Kehayova, miaka yote sita: hesabuni watu waliomo ndani ya basi. Nimewahesabu."

Rusana akaitikia kwa kichwa. Ni kweli aliandika hivyo. Akakaa kidogo akilipitia ombi lile upya, akatafuta neno ambalo angelipanga tofauti, akaona hakuna, lilikuwa ombi zuri. Akaagiza chai na hakuinywa.

Saa nane na nusu walikutana tena kwenye basi. Velichko alikuwa mweupe kama karatasi, kama anavyokuwa kila akitoka kwenye mashine, na Rusana akamweleza kwa sauti ndogo. Velichko alifumba macho muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Rusana akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Unacheka nini, wewe?"

"Wametuachia nafasi," Velichko akasema. "Dada, niache nicheke sasa hivi. Baadaye sitaweza."

Kona tatu kabla ya kijiji Rusana akasimama, akashika viti, akaenda mbele hadi kwa Gancheva. "Lile la kwanza umenikatalia, na sina kinyongo," akasema. "Nina la pili. Huko juu wamekupikia. Watakuuliza. Usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

"Kwamba ni wao. Wazee wenyewe wamebaki wachache. Wakijua, wataanza kunyosheana vidole nani alisema tusipande, nani alikubali. Hawana maisha ya kutosha yaliyobaki ya kusameheana. Usiwaambie."

Gancheva akamtazama, na safari hii hakuzungumzia fomu. "Sitasema," akajibu.

Uwanjani meza tano zilikuwa zimeunganishwa, vitambaa vyeupe vyenye mikunjo ya sandukuni. Kulikuwa na pai ya viazi iliyopikwa polepole juu ya bati, banitsa, ule mkate wa kukunjwa wenye jibini, maharage mapana, mtindi mzito, na ile pombe kali, rakia ya maboga... hapana, ya maboga Stoimenka alikatazwa na Fidana. Ilikuwa rakia ya plamu, ya miaka kumi. Mambo ya namna hiyo huwa yanazungumzwa Studen Dol kwa siku nzima. Watu thelathini na kitu walisimama wamevaa nguo za sikukuu, wamechana nywele kwa maji, wanatabasamu. Abiria wote wa Alhamisi walikuwa pale.

"Karibu, karibu!" Fidana akamkalisha Gancheva mwenyewe. "Basi letu umelionaje? Mlikaa vizuri? Hakuna aliyewasumbua?"

"Tulikaa vizuri sana, bibi," Gancheva akasema. "Hakuna aliyetusumbua."

"Mnaona!" Fidana akawageukia wenzake kwa ushindi, na meza nzima ikafurahi.

Mkaguzi alikula kila alichopewa. Yule mwenzake alikula zaidi. Walipoondoka, wakabebeshwa asali, na wanawake wakabusu mashavu ya Gancheva, naye akafuta macho, na kijiji kikasema huyu mwanamke ana moyo.

Barua ilifika kabla ya mwaka mpya. Idadi ya abiria, kwenda: wawili. Kurudi: wawili. Njia itasimama mwisho wa Februari. Kwa sheria barua kama hiyo hubandikwa yote kwenye ubao wa matangazo. Rusana, aliyekataa kusema neno moja kwenye kipaza sauti asije akadanganya, aliikunja barua hiyo akaitia kwenye mfuko wa aproni, akawasomea watu mstari wa mwisho tu. Akasema wakubwa wameamua hivyo, sababu ni fedha. Katika miaka kumi na tano huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza ofisini.

Kijiji kikawalaani wakubwa wiki nzima, kila mtu kwa ufundi wake.

Velichko alipambana mwezi mmoja. "Nibaki hapa, iwe itakavyokuwa. Nimechoka na ile mashine, dada. Wewe hujui inavyochosha."

"Sijui ya mashine. Najua ya korido."

"Basi tupumzike wote wawili."

"Wewe ukipumzika mimi nabaki na nani?" Rusana akamwuliza. Hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kupandisha. "Huna haki, Velichko. Mimi nimekosa kote nilikoomba. Wewe nawe usinikatalie."

Velichko akatazama mizinga yake nje, iliyofunikwa theluji. Asubuhi yake akaenda kwa jirani kumwonyesha namna ya kulisha nyuki wakati wa majira ya kuchipua. Hakusema kwamba amekubali, na Rusana hakumwuliza.

Wakapata chumba mjini, ghorofa ya nne, karibu na hospitali. Mwenyekiti lazima aishi kijijini, kwa hiyo Rusana akajiuzulu. Karatasi ya kuwahamisha wakazi wawili kutoka daftari la Studen Dol ilihitaji sahihi ya mwenyekiti. Aliitia mwenyewe, sahihi yake ya mwisho, akapiga mhuri, akamkabidhi Stoimenka funguo za ofisi. Wakabaki arobaini na wawili.

Siku ya basi la mwisho uwanja ulijaa. Wote walikuja kuwaaga, na Sabri hakupiga honi, aliwaacha. Fidana akaja na banitsa iliyofungwa kwenye taulo, bado ya moto, akamshika Rusana mkono akamsogeza kando, ingawa sauti yake haikujua kusogea kando na kila mtu alisikia.

"Rusana, mwanangu. Mimi ni mtu mzima, usinifiche. Tuliwapikia wale. Tuliwabusu. Tuliwaachia basi zima wakae kwa raha zao, hakuna aliyethubutu hata kupitisha mguu. Kisha wakatukatia. Nimelala nalo miezi miwili, silali. Niambie ukweli, tulikosea wapi?"

Watu wakasogea karibu. Walikuwa wanamtazama yeye, wote, wanasubiri, na Rusana akaona kwamba hawakuuliza kwa hasira. Waliogopa jibu.

"Hamkukosea popote," akasema. "Mliwapokea vizuri kuliko ambavyo wangepokewa kokote."

"Basi nani kakosea?"

"Mimi. Barua zangu. Sikuziandika vizuri."

Minong'ono ikapita. Fidana akamtazama sana, kisha uso wake ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo, akampigapiga mgongoni taratibu.

"Ah, mwanangu," akasema. "Ndiyo hivyo tena. Ulijitahidi. Hatuna neno na wewe, tumekusamehe."

"Tumekusamehe, Rusana," wengine wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, na mzee mmoja akavua kofia.

Rusana akawashukuru. Akaichukua ile banitsa, akapanda, akakaa karibu na ndugu yake, na Sabri akafunga mlango.